Kuacha Vidonge vya Sonona: Somo Tulilorudi Nalo Kutoka Bujora

Leo tunavuka maji, tunapanda basi, tunakwenda hadi Usukumani. Tunaandika habari hii kwa idhini ya mwenzetu iliyomkuta. Yeye mwenyewe ndiye aliyetwambia: "Andikeni, huenda ikamwokoa mwengine."

Mwenzetu huyu ni mtu wa visiwani kama sisi, ameolewa na Msukuma wa Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Baada ya kujifungua mtoto wa pili alipatwa na sonona. Hakula, hakulala, na mtoto akilia alimtazama kama wa jirani. Daktari alimwandikia vidonge, na baada ya miezi kadhaa alirudi kuwa yule tunayemjua, mcheshi na mpenda harusi. Tulipofunga safari ya kumsindikiza kwa wakwe, vidonge aliviacha nyumbani makusudi. Alisema amepona, na hakutaka mama mkwe aone mfuko wa dawa.

Siku ya nne kikaanza kizunguzungu. Kila akigeuza macho alihisi kama umeme mdogo unampita kichwani. Akawa anatokwa na jasho usiku, anaota ndoto za kutisha, anakasirika kwa neno dogo kisha analia. Usiku wa tano sote hatukulala. Tukaanza kunong'onezana: ni jini? Ni hasadi ya mtu? Mmoja wetu alifungua msahafu akamsomea, na kisomo kilimtuliza moyo. Umeme wa kichwani haukuondoka.

Asubuhi mama mkwe aliingia na uji, akatuamkia "mwangaluka", akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimtazama mkwewe, kisha akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, kuna kitu ulichokuwa unakitumia ukakiacha?" Yeye mwenyewe aliwahi kuacha vidonge vya presha kwa kujiona mzima, na mwili ukamfunza adabu. Mwenzetu alijifunika uso kwa kanga, akasema kweli. Mume akampigia simu daktari, naye akaelekeza arudie dozi yake siku hiyohiyo. Dawa ikatafutwa mjini. Baada ya siku tatu alikuwa anatembea uani. Siku ya nne akataka kwenda Bujora.

Bujora si mbali na Kisesa. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika huko katika miaka ya 1950. Alipenda ngoma, lugha na mila za wenyeji, akakusanya pamoja nao vitu ambavyo vingepotea: ngoma za watemi, viti vyao, zana za kilimo, nyumba ya jadi, vifaa vya uganga. Hapo pia hufanyika kila mwaka, mwezi wa Juni, sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati. Waasisi wa vyama hivyo wa karne ya 19 ni Ngika na Gumha, ambao hawakuwa wachezaji tu. Walikuwa wajuzi wa dawa, na ushindani wao ulikuwa wa dawa kama ulivyokuwa wa miguu. Ndiyo maana Bujora ngoma na uganga vinasimuliwa pamoja.

Tulisimama muda mrefu mbele ya vifaa vya waganga, ambao Wasukuma huwaita bafumu. Kwa jadi, mtu akiugua bila sababu ya kuonekana, familia ilikwenda kwa mfumu apige ramli, mara nyingi kwa kuku, ili ajue ugonjwa umetoka wapi: kwa mizimu iliyosahauliwa, au kwa mkono wa mtu. Baadaye mgonjwa angeweza kuhamia kwa mganga na ndugu yake mmoja, akaishi hapo wiki au miezi. Sisi Waislamu tuna mipaka yetu juu ya ramli, na hatuandiki haya kuisifu. Lakini jambo moja tulilikubali pale pale. Mgonjwa yule hakuugua peke yake, na hakuacha dawa peke yake. Aliyempokea alimwona kila siku, na alijua lini ameingia na lini ametoka.

Upande wa pili wa historia hiyo unatisha. Swali la ramli ni "nani?" Usukumani swali hilo limewaua wanawake wengi wazee, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20, kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine ushahidi ulikuwa macho yao mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini sheria haikuondoa hofu. Dalili ya mwili ikisomwa vibaya, mtu asiye na kosa hulipa. Tulikumbuka usiku wetu wa tano, tulivyoanza kuhesabu majina ya wanaomhusudu mwenzetu. Mama mkwe hakuuliza nani. Aliuliza, kwa maana yake, "lini?" Lini kilianza, na kabla ya hapo ulibadilisha nini?

Swali hilo si geni katika dini yetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilipokea pia wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayekwambia kwamba vidonge vya sonona ni udhaifu wa imani, mwambie kwa upole kwamba Waislamu walikuwa wakitibu nafsi kwa elimu karne nyingi kabla ya vidonge hivyo kubuniwa.

Hapa kwetu Tanzania Bara, nyumba za kwanza za wagonjwa wa akili zililetwa na wageni. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha ya Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafuata na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa mtu wa Usukumani, Dodoma ilikuwa safari ya siku nyingi, na aliyepelekwa huko alionekana amepotea. Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa Mwanza mwaka 1971, watu wa ukanda wa Ziwa walipata hospitali kubwa karibu yao, na leo ina wataalamu wa magonjwa ya akili.

Vidonge vyenyewe vina historia fupi. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu mjini New York, wagonjwa waliopewa dawa iitwayo iproniazidi walianza kuchangamka na kula kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini inawasaidia wenye sonona. Amitriptilini, ambayo bado inatolewa katika hospitali zetu, iliingia sokoni Marekani mwaka 1961. Fluoksetini iliidhinishwa huko mwishoni mwa mwaka 1987, na kuanzia hapo dawa za aina hiyo zikasambaa duniani.

Na kuacha je? Mapema kama mwaka 1959, miaka miwili tu baada ya tangazo la Kuhn, madaktari walishaandika kwamba wagonjwa wanaoacha imipramini ghafla hupata dalili za mwili. Hata hivyo kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kwamba dalili hizo ni ndogo na huisha katika wiki moja au mbili. Waliosema zao zimechukua miezi waliambiwa sonona imerudi. Ni mwaka 2019 ndipo chuo cha madaktari wa akili wa Uingereza kilipokiri rasmi kwamba kwa baadhi ya watu dalili huwa kali na za muda mrefu, na mwaka 2022 mwongozo wa tiba wa nchi hiyo ukasisitiza kupunguza dozi hatua kwa hatua. Wagonjwa walikuwa wakiyasema hayo tangu zamani.

Tusitiane hofu lakini. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walikusanya tafiti 79 na kukadiria kwamba kiasi cha mtu 1 kati ya 6 au 7 wanaoacha dawa hizi hupata dalili zinazotokana na kuacha kwenyewe, na kwa mtu 1 kati ya 35 hivi dalili huwa kali. Wengi huacha bila taabu kubwa. Shida ni kwamba hakuna anayejua mapema yeye yumo kundi gani.

Sababu yake si jini wala ulevi. Ubongo umezoea kufanya kazi dawa ikiwepo, na ikiondolewa ghafla unahitaji muda kujipanga upya. Anayeacha hana uchu wa dawa kama mlevi anavyotamani pombe. Mwili wake umepoteza egemeo, kama abiria aliyesimama kwenye daladala iliyofunga breki. Dawa zinazotoka mwilini haraka, kama paroksetini na venlafaksini, huleta mtikisiko mkubwa zaidi. Fluoksetini hutoka polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mara nyingi haitikisi sana, ingawa dalili zake zinaweza kuchelewa kuonekana.

Haya ndiyo tuliyoyaweka pamoja, kutokana na maelekezo aliyopewa mwenzetu na tuliyoyasoma baadaye.

Kwanza, usiache kwa kujiona mzima. Kujiona mzima mara nyingi ni kazi ya dawa. Mwambie daktari wako unataka kuacha, mpange pamoja, na upunguze kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Hatua za mwisho, dozi ikiwa ndogo kabisa, ndizo zinazohitaji subira zaidi, kwa sababu hata kiasi kidogo cha dawa hufanya kazi kubwa katika ubongo. Usijikatie vidonge bila kuuliza. Vingine havifai kukatwa. Wala usiruke siku, leo umemeza kesho umeacha, kwani kwa dawa nyingi huko ni kuutikisa mwili kila baada ya siku.

Pili, jifunze kutofautisha. Dalili za kuacha kwa kawaida huanza siku chache baada ya dozi kupunguzwa, na huja na mambo ya mwili ambayo hukuwa nayo mwanzo: umeme wa kichwani, kizunguzungu, kichefuchefu. Ukirudia dozi, hupungua upesi. Sonona inayorudi huja taratibu zaidi, kwa wiki au miezi, na sura yake ni ile ile uliyoijua. Andika kwenye daftari tarehe, dozi na ulivyojisikia. Daftari hilo litajibu swali la "lini" kabla hamjaanza kutafuta "nani".

Tatu, safari na Ramadhani. Kabla ya kupanda boti hesabu vidonge, uchukue vya kutosha na vya akiba, maana dawa inaweza kukosekana ulikokwenda. Kabla ya Ramadhani muulize daktari namna ya kuhamishia dozi kwenye futari au daku. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kuacha dawa ghafla ili ufunge si ucha Mungu zaidi. Kama unatumia pia miti shamba, itaje. Daktari hawezi kupanga asichokijua.

Nne, awepo mtu mmoja nyumbani anayejua. Mwenye kuficha maradhi, kilio humuumbua. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, usisubiri asubuhi wala miadi: mwamshe mtu na mwende hospitali usiku huohuo.

Mwenzetu sasa yumo katika safari yake ya pili ya kuacha. Daktari amempunguzia mara tatu katika miezi mitano. Mara moja umeme ulirudi, wakarudi hatua moja nyuma, wakakaa hapo mwezi mzima kabla ya kuendelea. Hajamaliza, wala hatujui atamaliza lini. Mfuko wa dawa sasa unaning'inia msumarini karibu na kioo, hadharani, na kila Ijumaa mama mkwe hupiga simu kutoka Kisesa. Hamwulizi kama amepona. Humwuliza leo amemeza ngapi, na usiku amelala vipi. Kisha humpa salamu za Usukumani, nasi tuliopo humwitikia sote kwa pamoja.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awape subira wanaowauguza. Amin.