Tusi na Hoja: Shauri la Stanley na Tippu Tip

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, jina la Tippu Tip likitajwa barazani, mazungumzo huharibika upesi. Mmoja hutoa habari ya zamani, mwingine humkatiza: "Nyamaza, mjukuu wa Matambatamba!" Watu hucheka, na habari yenyewe haikujibiwa. Basi tutazame shauri moja la kweli.

Februari 1887, huko Unguja, Stanley alipatana na Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alete wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi walichelewa mno. Mwaka 1888 Jameson, mmoja wa wakubwa walioachwa nyuma kule Yambuya, alipanda mto hata Kasongo kuja kuwaomba. Waliotoka mwezi wa Juni hawakutimia 600; na mwezi wa Julai Meja Barttelot, mkuu wao, akauawa kwa risasi njiani. Stanley akamlaumu Tippu Tip kuwa amevunja ahadi, hata akamshtaki Unguja. Tippu Tip alijitetea: baruti aliyoahidiwa hakuipata.

Sasa, msomaji, sikiliza vizuri. Mtu akisema, "Tippu Tip alifanya biashara ya watumwa," hajakosea katika kufikiri. Amesema kweli, na babu zetu waliuona moto wa watu wake. Akisema, "Mwongo yule! Aliahidi 600, wakaja pungufu, hesabu hii hapa," ametukana, lakini hoja yake ni nzima, adabu ndiyo iliyopungua. Lakini akisema, "Aliuza watu, kwa hiyo habari yake ya baruti ni uongo," hapo hoja imevunjika, hata akiyasema kwa upole kama padre. Baruti ilifika au haikufika: ulizia mizigo na waliyoipokea.

Kweli, tusipokuwa na kitu ila neno la mtu peke yake, ni haki kuuliza kama huyo husema kweli. Hiyo hutupa sababu ya kutafuta shahidi wa pili, basi. Na kipimo hicho ni cha Stanley vilevile: ukali wake kwa wapagazi haufuti hesabu yake.

Tippu Tip aliondoka Kasongo mwaka 1890. Shauri la Unguja likaachwa bila hukumu, naye akafa huko mwaka 1905. Barazani kwetu lingali likisikilizwa, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.