Skrini Nyingi, Kompyuta Moja: Vichwa au Njia?

Kwa Kiswahili cha barabarani, kichwa ndicho kinachovuta. Kuna kichwa cha semi na kichwa cha treni. Vinavyofuata nyuma ni tela na mabehewa. Mafundi wa kompyuta wanaotumia Kiingereza wamekwenda kinyume: kwao kompyuta moja yenye monita mbili ina vichwa viwili, na vichwa hivyo ndivyo vinavyovutwa. Ukiitafsiri istilahi yao, multi-head, neno kwa neno ukapata "kompyuta ya vichwa vingi", msomaji wetu ataelewa kwamba kuna kompyuta kadhaa zinazosaidiana kuvuta mzigo mmoja, ilhali kinachoelezwa ni kinyume chake kabisa.

Tuanze na hicho kinachoitwa kichwa. Picha unayoiona kwenye skrini huandaliwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kisha sehemu maalumu ya kadi ya michoro huisoma mstari kwa mstari, toka juu hadi chini, na kuipeleka nje kupitia waya, kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, kwa hiyo msomaji huyo, yaani sehemu hiyo ya kadi, hupitisha nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja, na hapumziki hata kama hakuna kitu kinachosogea. Kila skrini inayotaka kuonyesha picha yake yenyewe lazima iwe na msomaji wake. Mimi namwita njia ya picha, na ndiyo tafsiri ninayoitetea hapa.

Faida yake huonekana dukani. Mnunuzi huhesabu matundu: hapa VGA, hapa DVI, hapa HDMI, basi nitaweka skrini tatu. Kompyuta nyingi zilizotegemea michoro ya Intel kabla ya mwaka 2012 zilikuwa na matundu hayo yote matatu, lakini njia zilikuwa mbili tu; skrini ya tatu ilibaki nyeusi hata ungebadilisha waya mara ngapi. MacBook Air ya M1 iliyotoka mwaka 2020 ina matundu mawili, na bado Apple wenyewe wanasema inakubali skrini moja tu ya nje, kwa sababu njia nyingine inatumiwa na skrini ya laptopu yenyewe. Tundu ni mlango tu.

Hapo ndipo spilita inapowaliza watu. Ni kijiboksi cha bei nafuu: waya mmoja wa HDMI unaingia, miwili inatoka. Mtu hukinunua akitumaini kuweka barua pepe huku na hesabu kule, akiwasha anakuta pande zote mbili zina kitu kilekile. Spilita haikuharibika. Imepokea njia moja ikaigawa, na njia moja haina picha mbili. Kwa ukumbi wa harusi unaotaka sura za maharusi zionekane kila kona, hicho ndicho kifaa hasa. Kwa mhasibu, ni hasara.

Tofauti hiyo inadai vitenzi viwili. Cha kwanza hakina ubishi: kurudufu, yaani skrini zote kuonyesha kitu kimoja. Cha pili wengi hukiita kupanua, nami sikipendi, maana ukimwambia mtu apanue skrini atakuza maandishi. Kutandaza kunafaa zaidi. Eneo-kazi ni lilelile moja, ila sasa limelala juu ya vioo viwili au vitatu, na dirisha moja linaweza kukaa nusu huku na nusu kule. Watumiaji wa Macintosh II walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1987. Wa Windows wa nyumbani walisubiri hadi Windows 98. Nyuma zaidi, kwenye kompyuta ya IBM ya 1981, waandishi wa programu walichomeka kadi mbili, moja ya maandishi matupu na nyingine ya rangi. Kwa kuwa kumbukumbu za kadi hizo zilikaa kwenye anwani tofauti, hazikugombana: programu ilifanya kazi kwenye kioo kimoja, makosa yake yakachunguzwa kwenye kingine.

Kutandaza kuna hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayoeleza vituko vingi vya ofisini. Kona ya juu kushoto ya skrini kuu ni sifuri, sifuri. Skrini ya 1920 ikiwekwa kushoto kwake, nukta zake huhesabiwa kuanzia -1920. Ukiiweka mezani kushoto lakini kwenye mipangilio ukaacha kisanduku kinachoiwakilisha, namba 2, kulia, mshale wa mausi utagonga ukuta kushoto na kuchungulia upande usiotarajia. Buruta kisanduku, tatizo limekwisha. Na ukichomoa projekta baada ya mkutano, kuna programu zinazong'ang'ania kufunguka kulekule zilikokuwa, mahali ambapo sasa hapana kioo. Kwenye Windows bonyeza Alt na nafasi, kisha M, kisha kitufe chochote cha mshale, na dirisha litafuata mausi hadi lionekane.

Limebaki neno la kazi yenyewe. "Kuendesha skrini" limeingia kutoka Kiingereza na linasikika kama skrini ina magurudumu. Mafundi wa televisheni wametutangulia: kwao kifaa kinatoa picha au hakitoi. Basi kompyuta hii inatoa picha kwenye skrini tatu kwa njia tatu. Pale ambapo kila skrini ina kibodi yake, mausi yake na mtumiaji wake, kama kwenye baadhi ya maabara za shule, hiyo si tena habari ya skrini nyingi. Hiyo ni kompyuta ya viti vingi, na inahitaji ingizo lake katika kamusi.