Kiasi cha Baruti

Wazee wa pwani walikuwa na neno moja lenye kazi mbili. Waliposema "kiasi" walitaja kipimo, na pia adabu ya mtu asiyezidisha. Waliposema "kiasi cha bunduki" walitaja baruti na risasi za mlio mmoja. Twaona hawakukosea kuunganisha mambo hayo, kwa kuwa mbele ya baruti asiyejua kiasi hupoteza mkono, jicho, au roho.

Sisi wa Uvira twakaa mahali ilipokuwa ikiishia safari ndefu ya baruti. Burton na Speke walipofika hapa kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanya biashara wa Unguja upande wa kaskazini wa ziwa. Walifuata pembe na watumwa, nao walikuwa na bunduki. Baadaye watu wa Rumaliza wa Ujiji walitembea pwani hii na silaha zile zile. Nyingi zilikuwa za gumegume au za fataki, zikishindiliwa kwa mdomo. Ndizo tunazoziita gobore.

Mwenye gobore aliye na akili alishika sheria chache. Kwanza, hakumimina baruti kutoka pembe moja kwa moja katika mtutu. Cheche iliyobaki ndani kutoka mlio uliopita yaweza kuwasha pembe nzima mkononi mwake. Alimimina kwanza katika kipimo kidogo cha pembe au cha mti, akakisawazisha, ndipo akatia. Pili, kipimo kilikuwa kile kile siku zote, maana baruti nyeusi hupimwa kwa kujaza chombo, si kwa kukisia kiganjani. Tatu, alishindilia mpaka risasi ikakaa juu ya baruti pasipo nafasi katikati. Nafasi hiyo hupasua chuma. Kwa hiyo mdeki ulitiwa alama: ukisimama juu ya alama, ama risasi haijafika chini, ama bunduki ilikwisha jazwa tangu jana na mwenyewe amesahau.

Wazungu nao walijua kwamba baruti si zote sawa. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliowekwa kupinga biashara ya watumwa, walizuia bunduki za kisasa na risasi zake katika nchi zetu. Lakini bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, ile ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa ruhusa kutoka ghala za serikali. Baruti hiyo ilikuwa hafifu, na mtu aliyeizoea alijifunza kutia nyingi. Hapo ndipo palikuwa na mtego: akipata baruti njema, mkono wake bado hutia kipimo cha ile mbaya.

Bunduki mpya zilileta shida nyingine. Kapteni Joubert, aliyewalinda watu wa misioni ya Mapadri Weupe huko Mpala, kusini kwetu katika ziwa hili hili, alihitaji risasi zilizotengenezwa Ulaya na kubebwa miezi mingi vichwani mwa wapagazi. Msafara wa Jacques kutoka Ubelgiji ulipokuja kumsaidia mwaka 1891, risasi zilikuwa mali kuliko nguo. Twafahamu basi kwa nini wawindaji wa nchi nyingi waliokota maganda ya shaba wakayajaza tena. Hapo pia sheria ni moja: ganda la baruti nyeusi lijazwe mpaka risasi iikalie baruti, isibaki nafasi tupu.

Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Hiyo ni kitu kingine kabisa. Chembe zake zikifungiwa mahali padogo hukazana zenyewe kwa zenyewe, na nguvu yake hupita sana ile ya baruti nyeusi. Kipimo cha pembe kilichomfaa babu, kikijazwa baruti hiyo, ni bomu. Hakuna kiasi chake kilicho salama katika gobore, hata kijiko kidogo. Na zile baruti za badala zilizobuniwa Marekani katika miaka ya 1970, kama Pyrodex, ni nyepesi kuliko nyeusi. Hupimwa kwa chombo kile kile, wala si kwa uzito. Anayezipima kwa mizani huzidisha pasipo kujua.

Kwa nini twaandika haya leo? Kwa sababu tangu vita vya mwaka 1996 risasi za kisasa zimeenea katika bonde la Ruzizi na milima ya Uvira na Fizi. Kijana anayekuta moja shambani, akakumbuka gobore ya babu yake ukutani, aweza kuwaza kuifungua na kuihamisha baruti ili apate kanga mmoja. Wazazi, mwambieni mapema. Risasi iliyookotwa isiguswe, watoto waondolewe, na wakubwa wa mahali wapewe habari.

Babu aliitunza mikono yake miaka mingi kwa kipimo kidogo cha pembe. Mjukuu akirithi gobore pasipo kurithi kile kipimo, amerithi nusu iliyo mbaya.