Boriti za Eldoret

Makaburu walipofika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, walikuta uwanda wa nyasi wenye miti michache. Posta ilifunguliwa 1910 kwenye Shamba namba 64, na mji wa Eldoret ukaota hapo. Reli ilifika 1924.

Vipimo vya enzi hiyo havijafa: mbao bado huuzwa kwa futi na inchi. Hesabu ya sakafu ni ya kupendeza kwa wepesi wake. Chumba cha urefu wa futi 12 ni inchi 144. Boriti zikipangwa kila inchi 16, 144 ukigawanya kwa 16 ni 9, kisha huongezwa moja ya kuanzia. Kumi. Anayeisahau hiyo moja hurudi dukani.

Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na kila boriti ikawa ya kuhesabiwa mara mbili.