Kadi za Ann Arbor, Kaya za Kagera: Jinsi Data za Jamii Zilivyogeuka Mali ya Pamoja ya Vyuo Vikuu

Data za sayansi ya jamii, yaani majibu yanayotolewa na watu wa kawaida wanapohojiwa kuhusu kura walizopiga, kipato chao, masomo ya watoto wao au vifo vilivyoikumba kaya yao, haziishi kwa kutumiwa. Dodoso lililojazwa kwa ajili ya swali moja laweza kujibu maswali mengine kumi ambayo hata aliyelitunga hakuyafikiria, mradi lihifadhiwe, lifafanuliwe, na mtu mwingine aruhusiwe kulifungua. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 masharti hayo matatu hayakutimizwa mahali pamoja, na kiasi kikubwa cha kile ambacho maelfu ya wahojiwa waliwaeleza wadadisi mlangoni mwao kilipotea mara tu kitabu cha mtafiti wa kwanza kilipotoka mtamboni.

Sababu mojawapo ilikuwa umbo la data zenyewe. Majibu ya kila mhojiwa yalihamishiwa kwenye kadi ya karatasi ngumu, ambayo tangu mwaka 1928, kampuni ya IBM ilipoanza kuitengeneza katika muundo wake uliozoeleka, ilikuwa na safu wima 80, na kila safu ikiwa na nafasi 12 za kutoboa. Utafiti wa watu 2,000, wenye maswali mengi kiasi kwamba majibu ya mtu mmoja hayakuenea kwenye kadi moja, ulizaa marobota ya kadi yaliyohitaji makabati, chumba kikavu, mashine ya kuzipanga na mtu wa kuzilinda zisichanganyike. Idara ndogo ya chuo ambayo haikuwa na mashine wala fedha za kuwalipa wadadisi haikuwa na namna ya kufanya utafiti wa kitaifa, na hata kama ingepewa kadi za wengine isingeweza kuzisoma. Basi elimu ya jinsi wananchi wanavyofikiri na kuamua ikawa mikononi mwa vituo vichache vyenye uwezo, na wanafunzi wa vyuo vingine wakabaki kusoma majedwali yaliyokwisha kukokotolewa, bila kuwa na njia ya kuhakiki hesabu wala kuuliza swali lao wenyewe.

Hatua ya mapema ya kuvunja hali hiyo ilichukuliwa na mtu wa biashara. Elmo Roper, aliyejulikana nchini Marekani kwa kura zake za maoni, alitoa kadi za tafiti zake zihifadhiwe katika Chuo cha Williams, jimboni Massachusetts, na kituo kinachobeba jina lake kikaanzishwa mwaka 1947. Kituo hicho kilikuwa ghala, na ghala ni jambo la heri. Lakini chimbuko la utaratibu uliopo leo, ambao ndani yake vyuo vyenyewe ndivyo wamiliki, walipaji na watumiaji, liko Ann Arbor, katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Huko, Kituo cha Utafiti wa Sampuli kilichoanzishwa mwaka 1946 kikiongozwa na Rensis Likert kilikuwa, mwezi Oktoba 1948, kinafanya uchunguzi kuhusu maoni ya Wamarekani juu ya siasa za nje, na ndani ya dodoso yakawekwa maswali machache kuhusu uchaguzi wa rais uliokuwa ukikaribia. Baada ya uchaguzi, ambao Harry Truman aliushinda ilhali wapima maoni wakubwa, Roper akiwamo, walikuwa wamemtabiria ushindi Thomas Dewey, watafiti wa Michigan waliwarudia watu walewale na kuwahoji 662 kati yao kwa mara ya pili. Kurudi huko kwa mhojiwa yuleyule kuliwezesha kulinganisha alichokusudia na alichotenda, na ndiko kulikozaa mfululizo wa tafiti za uchaguzi wa Marekani unaoendelea hadi leo. Kitabu cha Angus Campbell, Philip Converse, Warren Miller na Donald Stokes, *The American Voter*, kilichotoka mwaka 1960, kilisimama juu ya msingi huo, na kikaamsha hamu kubwa miongoni mwa wataalamu wa siasa kuziona data zilizokuwa nyuma ya hoja zake.

Hapa ndipo uamuzi wa Miller unapostahili kutazamwa kwa utulivu. Yeye na wenzake walikuwa na hazina ambayo ingetosha kuwapa makala za kuandika maisha yao yote, na desturi ya wanazuoni, wakati huo kama sasa, ilimruhusu aliyetaabika kukusanya aikalie data yake hadi ameinyonya yote. Wao walielekea upande mwingine. Semina za kiangazi zilizofanyika Ann Arbor mwaka 1954 na 1958 ziliwaleta wataalamu wa vyuo vingine wakae na kadi zile na kujifunza kuzichambua, na ikadhihirika kwamba mtu wa nje huona katika data jambo ambalo aliyeikusanya hakuliona. Mwaka 1962 Miller akaunda Muungano wa Vyuo Vikuu wa Utafiti wa Siasa, ukianza na takribani vyuo 20. Mwaka 1975 neno la jamii liliongezwa katika jina lake, na tangu hapo unafahamika kwa herufi ICPSR.

Werevu wa mpango huo ulikuwa katika namna ya kulipia. Kila chuo mwanachama kilitoa ada ya mwaka, na ada hiyo ilimpa kila mhadhiri na kila mwanafunzi wake haki ya kutumia data zote zilizomo bila kulipia kila faili. Baraza lililochaguliwa na wanachama lilisimamia mwelekeo wa kazi. Na katika kila chuo aliteuliwa mwakilishi rasmi, mara nyingi mhadhiri au mkutubi, aliyepokea maombi ya wenzake, akayapeleka Ann Arbor, na baada ya siku kadhaa akapokea boksi la kadi au, baadaye, mkanda wa sumaku uliofungwa kwenye gurudumu kama filamu. Mwanafunzi wa chuo kidogo cha mkoani na profesa wa chuo chenye utajiri wa karne tatu walipata mkanda uleule. Si jambo dogo, kwa kuwa katika taaluma nyingi cheo cha chuo huamua mtu ataona nini.

Kinachosahaulika kwa urahisi katika historia hii ni kwamba mkanda peke yake haukuwa na maana. Kwa mfano, tundu lililotobolewa katika nafasi ya 1 ya safu ya 23 laweza kumaanisha kwamba mhojiwa alipiga kura, la nafasi ya 5 kwamba hakupiga, na la nafasi ya 9 kwamba hakusema; lakini hakuna chochote kwenye kadi kinachoeleza hivyo. Maelezo hayo hukaa katika kitabu cha misimbo, yaani mwongozo unaoorodhesha kila safu, swali lililoulizwa neno kwa neno, majibu yaliyokubalika, namba iliyopewa kila jibu, na idadi ya wahojiwa waliolitoa. Tafiti za miaka ya mwanzo zilifika zikiwa na misimbo inayogongana, safu mbili zenye maana moja, na kadi za wahojiwa ambao hawakuonekana popote kwenye orodha. Kazi ya kuzisafisha, kulinganisha kila namba na dodoso la asili na kuandika upya mwongozo, ilifanywa na makarani na wanafunzi ambao majina yao hayamo kwenye jalada la kitabu chochote, nao ndio waliofanya utafiti wa uchaguzi wa mwaka 1952 usomeke leo. Hakuna haki katika kuwaita watunza ghala tu.

Sharti jingine lilikuwa watu waliofundishwa. Mwaka 1963 muungano ulianzisha masomo ya kiangazi ya mbinu za uchambuzi, ambayo yameendelea tangu hapo na kupitiwa na vizazi vya wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mwaka 1968 wanafunzi watatu wa Stanford, akiwamo Norman Nie, walitoa SPSS, programu iliyomwezesha mtu asiyejua lugha ya kompyuta kupata jedwali kwa kuandika amri chache. Katika miaka ya 1970, Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani na muungano huo walitayarisha vifurushi vya kufundishia, vyenye sehemu ndogo ya data halisi, maelezo na mazoezi, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiambiwe tu kwamba elimu huongeza uwezekano wa kupiga kura, bali atengeneze mwenyewe jedwali linaloonyesha hivyo na aone pia linapomwangusha. Wanahistoria nao waliingia mapema: kamati yao iliyoongozwa na Lee Benson ilishirikiana na muungano kukusanya matokeo ya chaguzi za Marekani kuanzia mwaka 1824, na mkusanyo huo ndio uliopewa namba 1 katika orodha ya tafiti za ICPSR.

Ulaya haikusubiri. Köln ilikuwa na hifadhi yake tangu 1960, Uingereza ikafungua ya kwake katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1967, na Norwei, ambako Stein Rokkan alikuwa mtetezi asiyechoka wa kulinganisha nchi kwa nchi, ikafuata mwaka 1971. Hifadhi hizo zikaungana mwaka 1976. Juhudi zilizoanza mwaka 1995 zikazaa kanuni ya pamoja ya kuandika maelezo ya data, ijulikanayo kama DDI, ambayo kwa hakika ni kitabu cha misimbo kilichoandikwa kwa namna ambayo kompyuta nayo inaweza kukisoma. Intaneti ilipoenea, boksi la posta likatoweka.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwanza kama mahali pa kuulizwa maswali, na muda mrefu ukapita kabla ya kuwa mahali pa kuyachambua majibu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika Mkoa wa Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, Benki ya Dunia na Chuo cha Muhimbili walihoji zaidi ya kaya 900 ili kufahamu kaya hufanya nini mtu mzima anapofariki. Wadadisi walirudi mara kwa mara katika kaya zilezile wakiuliza kuhusu mashamba, chakula, masomo, ugonjwa na misiba. Mwaka 2004 timu yenye makao Bukoba ilianza kuwatafuta wanakaya wote wa awali popote walipohamia, na tena mwaka 2010. Watoto waliohesabiwa chini ya baba zao mwaka 1991 walipatikana wakiwa na kaya zao wenyewe, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Ndiyo maana kaya zilizohojiwa ziliongezeka na kuzidi 2,700 mwaka 2004, kisha zikapita 3,300.

Kwa kuwa data hizo ziliwekwa wazi kwa yeyote anayezihitaji, utafiti uliobuniwa kuhusu vifo ulijibu swali la uhamaji. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, katika makala yao ya mwaka 2011, walionyesha kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ukuaji wa matumizi ya ndugu zao waliobaki. Ulinganisho huo, wa watu waliolelewa chini ya paa moja, usingewezekana bila orodha ya majina iliyotunzwa kwa miaka mingi na watu walioamini kwamba siku moja itahitajika.

Majina yenyewe, bila shaka, hayamo katika faili zinazogawiwa. Mhojiwa aliyeeleza kuhusu kifo cha mkewe alifanya hivyo kwa ahadi ya siri, na kwa hiyo jina, kitongoji na kila alama inayoweza kumfichua huondolewa, ikabaki namba ya kaya. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeipa ahadi hiyo nguvu ya kisheria.

Njia za kupata data za namna hiyo zimeongezeka. Afrobarometer, mradi wa kura za maoni barani Afrika ulioanza mwaka 1999 na kufanya duru yake ya kwanza katika nchi 12, Tanzania na Uganda zikiwamo, hutoa data zake bure. Mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota umekusanya sampuli za sensa za Kenya kuanzia ya mwaka 1969 na za Tanzania kuanzia ya mwaka 1988. Na tafiti za afya na idadi ya watu zilizogharamiwa na Marekani, ambazo Kenya iliziingia mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1991, zimekuwa chanzo cha tasnifu nyingi za uzamili, kwa sababu mwanafunzi asiye na ruzuku aliweza kujisajili, kueleza kusudi lake, na kupata faili bila malipo.

Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha fedha za tafiti hizo za afya. Tafiti zilizokuwa njiani zikakwama, na usajili wa watumiaji wapya ukasimamishwa kwa muda. Katika wiki hizo mhadhiri aliyekwisha kupakua faili za nchi yake kabla ya lango kufungwa aliweza kuendelea na darasa, na aliyekuwa akisubiri hakuweza. Muungano wa 1962 ulikuwa na takribani vyuo 20 vinavyolipa ada, na kila kimoja kilikuwa na sauti barazani. Data za kaya za Afrika Mashariki, zilizojibiwa kwa Kiswahili, Kihaya, Kisukuma na Kikikuyu, kwa sehemu kubwa zilikuwa zimewekwa kwenye seva ambazo vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala havikuzilipia wala havikuwa na kiti katika uamuzi wa kuzifunga.