Kuchemsha

Ukisimama Sitalike, njia ya Mpanda kwenda Sumbawanga, boneti juu na mvuke unafuka, kila apitaye atasema: limechemsha. Mtaani neno hilo ni kushindwa pia. Hata mtahiniwa huchemsha. Ila injini isiyopata moto haijapewa kitenzi chake, tunalalamika tu kwamba gari "linakula mafuta". Mara nyingi sababu ni kwamba fundi aling'oa themostati, kizuizi cha maji yaendayo kwenye rejeta, eti gari lisichemshe. Bila kizuizi hicho maji huzunguka kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, injini inachelewa kufika nyuzi 80 au 90, na kompyuta ya gari huendelea kumimina petroli kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Kabla ya kulaumu plagi, tazama mshale wa joto. Ukibaki chini safari nzima, mwambie fundi airudishe themostati.