Urithi Unaogusa Hauwezi Kuitwa Usiogusika

Nimekutana nalo tena, safari hii kwenye bango la maonyesho: "urithi wa utamaduni usiogusika". Chini yake mgeni anaombwa ajaze fomu ya "mwitikio wake wa kihisia", yaani aseme aliguswaje na kisichogusika. Mwenye sarufi atanijibu kwamba upepo nao haugusiki lakini unagusa. Sawa. Hata hivyo istilahi inayohitaji wakili kabla haijaeleweka ni istilahi mbovu.

Chanzo ni Kilatini. Waingereza walilipata neno lao, intangible, katika tangere, kugusa, nasi tukaburutwa nyuma yao. Wafaransa hawakushughulika na vidole: wao wanasema immatériel, kisicho cha maada, na Waarabu wanasema hivyohivyo, ghayr maddi. Sisi tuliochota urithi, mirathi na turathi katika mzizi mmoja wa Kiarabu tulikuwa na jirani wa kumwuliza, tukamruka.

Kisha wakazuka wapinzani wa "usiogusika" na "usioshikika" yao. Kiambishi -ik- hupima kama jambo lawezekana: njia inapitika, maji yananyweka. Lakini lugha ina mitaa yake. Sukari ikipanda, bei haishikiki. Mshambuliaji akiwaacha mabeki chini, hashikiki. Kwa sikio la mtu wa Manzese, urithi usioshikika ni urithi uliotoroka. Wapo pia wa "usioonekana", ambao nawaachia waganga na majini yao. Na wa "urithi hai", ambao sijui wanamfanya nini mtu anayeswali leo katika msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107. Kumbe yumo katika urithi mfu?

Lililo baya zaidi, neno linapingana na sheria linayoifasiri. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2011, unaingiza ndani ya urithi huu ala, vifaa na hata mahali panapohusika. Ngoma ni mti na ngozi. Jembe linalorushwa katika bugobogobo ya Wasukuma lina mpini. Kaya za Wamijikenda ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 kama misitu, na mwaka 2009 mila zake zikaingia katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Msitu ni uleule: mwaka mmoja unashikika, wa pili haushikiki.

Mimi nasema "urithi wa kupokezana". Mkataba wenyewe unautambua urithi huu kwa kupita kizazi hadi kizazi na kufanywa upya kila unapopita, na Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo. Niliwahi kuuwasilisha msemo huu mbele ya kamati ambayo sitaitaja. Nilijibiwa kwamba "haufanani na asili". Asili ya nani, sikuambiwa. Chai ilikuwa imeshaletwa.

Mwenye shaka na aende Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, ambacho jina lake sasa ni la stendi ya daladala ambako watu hushuka bila kukumbushwa lolote. Kumbusha ni kumfanya mtu akumbuke, na huwezi kumkumbusha asiyewahi kujua. Mbele ya msonge wa Wahaya nilimwona mama wa makamo akiinamia mafiga. Hakustaajabu, alikasirika. "Hivi sivyo," alimwambia mwanawe, akayasogeza kwa mguu. Kijana akatazama pembeni kwa haya. Watalii waliokuwa karibu walipiga picha kwa furaha isiyo na doa. Ngoma ilipoanza uwanjani, mama yuleyule alijifunga kibwebwe kabla mpigaji hajakolea, na yule kijana aliyeona haya akabaki akitikisa bega moja, kama anayeogopa kukamatwa.

Hasira, haya, midadi: zote zilitoka kwa waliokuwa na cha kupokea. Mtalii alipata burudani, ambayo si haba, ila ni kitu kingine. Istilahi ya "kupokezana" inaionyesha tofauti hiyo, "usiogusika" inaifunika. Na kwa kile kinachompata mgeni neno lipo, ni mguso. "Mwitikio wa kihisia" ni maneno matatu ya fomu ya ofisini, na fomu ile ilikuwa na visanduku vitatu tu vya kuweka tiki: nilifurahi, nilihuzunika, sijui. Mama wa mafiga angeweka tiki wapi?

Matumizi: urithi wa kupokezana, wingi turathi za kupokezana, mguso, wingi miguso. Basi.

Wenye makumbusho hawalazimiki kusubiri kamati ikutane tena. Bango likichakaa, wachapishe jipya lenye neno linaloeleweka, na kwenye ile fomu waongeze kisanduku cha "mmekosea".